Fenesi, stafeli au shokishoki? Tunda la kumwanzishia mtu anayechagua chakula

Anayekataa tunda geni hakatai vitamini zake. Anakataa kimoja kati ya vitu vinne: harufu, hali yake mdomoni, uchachu, au sura. Ndiyo maana ule ushauri wa kuanza na tunda lenye virutubishi vingi huwaangusha wengi. Mama ananunua fenesi zima, nyumba inanuka, mtoto anaziba pua, na fenesi linaishia kwa jirani.

Hapa tunalinganisha matunda sita ambayo mtu wa pwani huyaona kila msimu, lakini mtu aliyekulia Dodoma au Nairobi anaweza kufika utu uzima hajawahi kuyagusa: shokishoki, topetope, stafeli, fenesi, doriani na bungo. Ukitembea soko la Darajani Unguja katika msimu wake utakuta karibu yote. Bara, fenesi na stafeli ni rahisi kupata kuliko mengine. Shokishoki na doriani huenda ukalazimika kuagiza kwa mtu anayevuka na boti.

Kabla ya kwenda sokoni, mwangalie mtu mwenyewe kwa vyakula ambavyo tayari havitaki. Anayesukuma bamia na mlenda pembeni mwa sahani, au asiyekula yai lisiloiva sawasawa, shida yake ni utelezi. Anayehama jikoni dagaa wakikaangwa, shida ni pua. Anayekunja uso kwa maziwa mgando au pesheni, shida ni uchachu. Na mtoto anayesema "sitaki" kabla kitu hakijafika mezani, huyo shida yake ni macho. Hofu hiyo huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6, kisha hupungua yenyewe.

| Tunda | Harufu likiiva | Mdomoni | Uchachu | Kazi jikoni | Pitia tunda gani analolijua |
|---|---|---|---|---|---|
| Shokishoki | hafifu sana | laini, majimaji, linakatika | kidogo | dakika chache | zabibu |
| Topetope | nzuri, ya sukari | rojo lenye chengachenga | hakuna | kijiko tu | ndizi iliyoiva sana |
| Stafeli | ya wastani | nyuzinyuzi, linateleza | wa wastani | kukamua na kuchuja | nanasi |
| Fenesi | kali | gumu kiasi au rojo, kutegemea aina | hakuna | kubwa, lina ulimbo | embe, ndizi |
| Doriani | kali mno | zito, lenye mafuta | hakuna | ya wastani, lina miiba | parachichi |
| Bungo | nzuri, kali kiasi | mbegu zenye nyama ya kunyonya | mkali | kuloweka na kuchuja | pesheni |

Safu ya mwisho ndiyo ya kuitazama kuliko zote. Mtu hupokea kitu kipya kwa urahisi kikifanana na kile anachokula tayari. Anayependa zabibu ana nusu ya safari ya shokishoki. Anayechukia parachichi usimpelekee doriani, hata kama wewe unalipenda kupita kiasi.

Mtoto mdogo: shokishoki au topetope?

Kwa mtoto, tunampa shokishoki nafasi ya kwanza. Halina harufu ya kumtisha, si rojo, na utamu wake una uchachu kidogo kama wa zabibu nyeupe. Kinachomzuia ni lile ganda jekundu lenye nywele. Wengine hulificha kwa kumletea nyama iliyomenywa. Afadhali mtoto alimenye mwenyewe, kwa sababu akishalishika, hofu imepungua kabla hajaonja.

Chagua yenye rangi iliyokolea na nywele ambazo bado zimesimama, ncha zikiwa na ukijani kidogo. Nywele zikishakuwa nyeusi na kukauka, nyama imeanza kulegea. Chora mduara kwa kisu katikati ya ganda bila kuzamisha zaidi ya unene wa ganda lenyewe, kisha zungusha nusu mbili kinyume. Nusu moja itatoka na mtoto atabaki ameshika kikombe kidogo chenye mpira mweupe.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni hatari: mpira huo ni mviringo, unateleza, na una kokwa ngumu ndani. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe mzima kamwe, maana unaweza kumkaba. Kata nyama pande mbili za kokwa, kisha kata kila upande tena kwa urefu. La pili ni ladha. Kuna aina ambazo nyama yake hung'ang'ania kokwa na kutoka na ngozi nyembamba ya kahawia, kavu kama karatasi. Mtoto akikutana na ngozi hiyo kwenye tonge la kwanza atatema, na utamwona akilikagua kila utakalompa baada ya hapo. Kwa hiyo usikwangue hadi kwenye kokwa. Kilichobaki anyonye mtu mzima.

Topetope ni tamu zaidi na halihitaji kisu. Likiiva, vifungu vya ganda huanza kuachana na tunda hulegea mkononi. Unaligawa kwa vidole na kuchota kwa kijiko. Tatizo ni mbegu, ambazo ni nyingi, nyeusi na laini kama zimepakwa mafuta. Mtoto asiyejua kutema mbegu atachoka kabla hajafika katikati. Pia nyama iliyo karibu na ganda ina chengachenga ambazo anayechagua chakula huzidhania mchanga. Mchotee ya katikati tu, iliyotolewa mbegu, vijiko viwili vya chai. Kwa mtoto wa miaka saba na kuendelea anayependa vitu vitamu, topetope huenda likamfaa kuliko shokishoki, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Asiyetaka vitu vinavyoteleza

Stafeli lina sifa mbaya hapa. Nyama yake ni nyeupe, ina nyuzi, inateleza, na imejaa mbegu. Anayechukia bamia ukimpa hivyo hivyo lilivyo umelipoteza tunda. Lakini ukiligandisha, utelezi huo unaisha. Toa mbegu, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vipange kwenye sahani visigusane, weka kwenye friza kwa saa nne, kisha mpe baada ya kuviacha nje dakika tano. Vinaumwa na kuyeyuka polepole mdomoni.

Kununua stafeli kunataka mkono. Linalofaa huwa limeanza kuacha kijani kilichokolea, na likibonyezwa taratibu hulegea kidogo. Likiwa gumu, liache juu ya meza siku mbili hadi nne. Usiliweke kwenye friji likiwa bichi: ganda litakuwa jeusi na nyama haitaiva vizuri tena. Likishalegea una siku moja au mbili tu, baada ya hapo linachacha.

Juisi yake ni hivi: stafeli la kilo moja, menya kwa mkono, toa moyo wa katikati, weka nyama kwenye bakuli na maji baridi vikombe viwili. Kamua kwa mkono hadi mbegu zijitenge, pitisha kwenye chujio ukisukuma kwa mwiko, ongeza sukari vijiko viwili vya chakula na uonje kabla ya kuzidisha. Unaweza kutumia maziwa baridi badala ya maji, ila inywewe hapo hapo, maana asidi ya tunda hukata maziwa yakikaa. Blenda itumike baada ya mbegu zote kutoka. Mbegu za stafeli na za topetope zina sumu, hazifai kusagwa pamoja na nyama. Na lile wazo la kumpa mgonjwa chai ya majani ya mstafeli kila siku lisichanganywe na kula tunda. Huko Guadeloupe watafiti walihusisha matumizi ya mara kwa mara ya matunda na chai ya jamii hii ya stafeli na topetope na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka. Kula tunda kwa msimu, kwa kiasi, ni jambo jingine.

Fenesi au doriani: vita ya pua

Matunda haya mawili hukataliwa mlangoni, kabla ya ulimi kuulizwa. Ila harufu zake si za namna moja. Ya fenesi ni tamu iliyozidi, inakumbusha ndizi na nanasi vilivyoiva kupita kiasi. Ya doriani ina salfa ndani yake, jamii moja na kitunguu kinachooza, na ndiyo maana Singapore hairuhusu doriani ndani ya treni. Mtu anayelalamikia fenesi anaweza kuzoea ndani ya wiki chache. Anayelalamikia doriani mara nyingi hazoei, na hakuna sababu ya kumsumbua.

Fenesi kwanza, kwa kuwa ndilo utakalolipata kirahisi, kuanzia Unguja hadi Kagera na Uganda. Zipo aina mbili kubwa. Moja nyama yake ni ngumu kiasi na hukatika ukiiuma. Nyingine ni rojo linaloteleza na nyuzi zinazoingia kwenye meno. Kwa mtu anayechagua chakula, nunua ya kwanza tu. Kwa nje hazitofautiani vya kutosha, hivyo mwombe muuzaji akufungulie au akuonjeshe. Na usinunue zima. Fenesi moja hupita kilo kumi kwa urahisi, na ukiwa nalo zima utaanza kuwalazimisha watu ili lisioze. Nunua kipande, au zile nyama za manjano zilizokwisha kutolewa, na uzichukue asubuhi kabla hazijakaa juani na inzi.

Ukilazimika kulifungua mwenyewe, tandika magazeti, paka kisu na viganja mafuta ya kupikia, kisha pasua kwa urefu. Ulimbo mweupe utatoka kwenye moyo wa katikati. Ufute kwa karatasi kavu, usitumie maji, kwa sababu maji huufanya ung'ang'anie zaidi. Kata moyo utoke wote kwa kipande kimoja, ndipo nyama zitaachia. Mikono isafishwe kwa mafuta kwanza, sabuni baadaye. Anayeanza na sabuni atashinda na vidole vinavyonata.

Sasa harufu. Weka nyama kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, friji saa mbili. Ubaridi huzuia harufu isipande. Usimletee bakuli lililojaa. Chukua nyama moja, toa mbegu na ile ngozi yake, ichane kwa urefu iwe vijuti vyembamba, weka vitatu kwenye sahani ya kawaida pamoja na embe alilozoea. Rangi ni ileile, utamu unakaribiana, na vijuti vyembamba havina ule uzito wa tonge linalojaza mdomo. Anayekataa hata hivyo ajaribu mbegu: zioshe, zichemshe dakika 25 hadi 30 na chumvi, menya ganda la nje. Zinakuwa kavu na za unga, wala hazina harufu ya tunda. Wapo wasioigusa nyama ya fenesi maisha yao yote lakini mbegu wanazigombania. Zisiliwe mbichi.

Doriani tunalipendekeza kwa mtu mzima mmoja tu katika nyumba: yule anayependa parachichi na siagi, na anayekula kwa udadisi. Gramu 100 za doriani zina kalori karibu 147, wakati fenesi lina karibu 95, kwa hiyo linashibisha na kiasi chake ni kidogo. Lishike kwa kitambaa kinene, tafuta upande wa chini ambako mistari ya ganda inakutana, chomeka ncha ya kisu hapo na uzungushe hadi lipasuke. Fanya hivyo nje, uani au barazani. Linaliwa siku hiyohiyo. Kesho harufu itakuwa imepanda mara mbili na ladha kuanza kuelekea uchungu. Litakalobaki likae friza ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, la sivyo hadi maji ya kunywa yatanuka.

Bungo, kwa wapenda ukwaju

Hili halihitaji maelezo mengi. Mtu anayenyonya ukwaju na ubuyu, au anayekula embe bichi kwa chumvi na pilipili, atalipenda bungo siku ya kwanza. Asiyependa uchachu atalikataa, na sukari haitamdanganya. Kwa kuonja, pasua ganda, chota mbegu mbili tatu zenye nyama ya njano, nyunyiza chumvi na pilipili ya unga kidogo, anyonye na kutema mbegu. Kwa juisi, mabungo manne makubwa kwa lita moja ya maji: loweka nusu saa, vuruga kwa nguvu kwa mwiko au mkono, chuja, tia sukari nusu kikombe. Usisage kwenye blenda, mbegu zitavunjika na kuacha chengachenga. Ihifadhi kwenye jagi la kioo au plastiki, si sufuria ya alumini, kwa sababu asidi hula alumini na juisi hupata ladha ya chuma.

Juisi au tunda lenyewe?

Wazazi wengi huanza na juisi kwa kudhani mtoto atahama kwenda kwenye tunda. Mara chache hutokea. Juisi ya stafeli yenye sukari humfundisha kupenda juisi yenye sukari. Hali ya tunda mdomoni, ambayo ndiyo aliyokuwa anaikataa, hajakutana nayo. Juisi inafaa kwa mzee asiye na meno, kwa mgeni wa siku moja, na kwa bungo, ambalo hata wenyeji wengi hulitumia hivyo. Kwa mengine, tunda lililogandishwa ni hatua nzuri zaidi, kwa kuwa bado ni tunda. Achari ina kazi yake pia, ila ni kwa matunda machachu kama birimbi na embe bichi. Topetope halitengenezeki achari.

Mara ngapi, na kwa maneno gani

Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza ulaji wa watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kuliangalia tunda hakutoshi. Upendeleo hubadilika mtoto anapoonja, tena mara nyingi. Hesabu inayotumika sana ni kati ya mara 8 na 15. Kuonja ni kuonja: kipande cha ukubwa wa ukucha, ruhusa ya kutema kwenye kitambaa, kisha basi hadi siku nyingine. Akilikataa mara tatu, bado hujafika popote. Lakini usimpe siku tatu mfululizo. Mara mbili kwa wiki ndani ya msimu inatosha, na ndiyo maana friza ni muhimu kwa matunda ya msimu mfupi.

Maneno ya mezani yanaharibu kuliko tunda lenyewe. "Ukimaliza fenesi nakupa soda" linamwambia mtoto kwamba fenesi ni adhabu na soda ni malipo. Mwaka 1984 Birch na wenzake walipowapa watoto zawadi ili wanywe kinywaji wasichokijua, baadaye watoto hao hawakukipenda kama wale ambao hawakupewa zawadi. "Kula, ni tamu sana" nalo ni hatari, kwa sababu akionja na kuona si tamu, ameshajua unadanganya. Mwambie atakachokutana nacho: "Hili ni kama zabibu, ila lina kokwa moja kubwa katikati. Kokwa tunaitema." Kisha kula lako, uangalie pembeni. Baba akiwepo na yeye akakunja uso, kazi yote imeharibika, hivyo mkubaliane naye kabla.

Wazee na wagonjwa

Kwa mzee, swali la kwanza ni dawa anazotumia. Balungi na furungu huingiliana na baadhi ya dawa za presha na kolesteroli, zikiwemo nifedipine, felodipine, simvastatin na atorvastatin, na kufanya dawa izidi kwenye damu. Kama unatafuta tunda chungwa-chungwa la kumbadilishia ladha babu anayemeza hizo, mpe chenza. Mwenye figo dhaifu aliyeambiwa apunguze potasiamu asipewe fenesi wala doriani bila kumuuliza daktari wake, kwa kuwa yote mawili yana potasiamu kuliko hata ndizi. Mwenye kisukari apimiwe: nyama tatu nne za fenesi, si sahani. Na yeyote ambaye ngozi yake huwasha akivaa glavu za mpira aanze fenesi, papai na parachichi kwa kipande kidogo sana, asubiri kuona kama midomo inawasha au koo linakaza, kabla ya kuongeza.

Kwa familia yenye watu wa aina zote, katika wiki moja ya msimu tungenunua hivi: shokishoki nusu kilo, stafeli moja la kilo moja la kugandisha, na kipande cha fenesi gumu cha kutosha sahani moja. Bungo lingesubiri hadi tujue nani nyumbani anapenda ukwaju. Doriani tungelinunua tukiwa wenyewe tuna hamu nalo, tukalila barazani, na anayetaka kusogea asogee.